Peleti, Moshi na Samaki wa Kisumu

Tangu nianze kuchoma samaki kwa jiko la peleti hapa Kisumu, nimejifunza kwamba ladha ya moshi huanzia kwenye mfuko, kabla hata moto haujawashwa. Peleti ni unga wa mbao ulioshindiliwa kwa nguvu hadi lignini, yaani gundi ya asili ya mti wenyewe, ikaushikanisha, na unyevu wa msimu wa mvua huzifanya zivimbe na kumomonyoka, kisha zikaziba parafujo inayozisukuma motoni. Ndiyo maana mimi huzihifadhi katika ndoo yenye kifuniko kinachobana.

Peleti za kupashia nyumba joto sizigusi, kwani huenda zimetokana na msonobari wenye utomvu. Kwa ngege (tilapia), ambaye nyama yake ni laini, napenda peleti za mtufaha. Peleti za hikori, mti wa Marekani wenye moshi mkali, nazitunzia mbuta (sangara) mnono au mbavu za ng'ombe.

Wengi hulalamika kwamba jiko hili halitoi moshi wa kutosha, na wana haki, kwa sababu feni yake huziunguza peleti karibu kabisa. Dawa ni kuanza na joto la chini, kati ya nyuzi 80 na 110 za Selsiasi, na kumweka samaki akiwa bado baridi, kwa kuwa moshi hushika vizuri zaidi penye ubaridi na unyevu. Nikitaka zaidi, hujaza peleti katika bomba dogo lenye matundu na kuliwasha upande mmoja, likafuka polepole kando ya samaki. Moshi mweupe mzito huacha uchungu. Ninaousubiri ni ule mwembamba wenye rangi ya samawati.