Kreatinini Yangu Ilikuwa Nzuri

Kwa miaka miwili tangu niambiwe kuwa nina lupasi, ugonjwa ambao kinga ya mwili huushambulia mwili wenyewe, zikiwemo figo, jibu nililolitafuta kwanza kwenye karatasi ya maabara lilikuwa la kreatinini, na kwa kuwa halikuwahi kuvuka kiwango cha kawaida, nilirudi nyumbani nikiamini kwamba figo zangu ni salama. Imani hiyo haikuwa na msingi. Kreatinini ni taka itokayo kwenye misuli, na figo zina akiba kubwa kiasi kwamba zinaweza kupoteza karibu nusu ya uwezo wake wa kuchuja kabla kipimo hicho hakijapanda. Kwa mtu mwembamba kama mimi, huchelewa hata zaidi.

Vilivyotangulia kusema ni vipimo ambavyo sikuwa nikivisoma. Kimoja ni cha kingamwili dhidi ya DNA ya nyuzi mbili, zinazojulikana kwa wagonjwa wa lupasi tangu mwaka 1957: hushikamana na vipande vya DNA, na mashikamano hayo hunasa kwenye vichujio vya figo. Vingine ni C3 na C4, protini za kinga ambazo hutumika kwa wingi pale ugonjwa unapochachamaa, hivyo kiasi chake katika damu hushuka. Nilipozipanga karatasi zangu kwa tarehe, niliona C3 ikishuka kutoka 98 hadi 71, kisha 54, wakati kiwango cha chini cha maabara yetu ni 90, na kingamwili zikipanda kwa mfululizo uleule. Kreatinini haikutikisika.

Sisemi kwamba vipimo hivi ni ramli. Wapo wanaoishi miaka mingi na C3 ya chini bila figo kuguswa, na wapo waliozaliwa na C4 kidogo kwa urithi tu. Ndiyo maana daktari hakuniandikia dawa kwa kutazama damu peke yake, bali aliagiza mkojo. Protini ilipozidi miligramu 500 kwa kila gramu ya kreatinini, alitaka nifanyiwe biopsi, yaani nitolewe kipande kidogo cha figo kwa sindano, kwa kuwa hakuna kipimo cha damu kinachoweza kutaja daraja la ugonjwa, kati ya madaraja sita ya lupasi ya figo. Langu lilikuwa la 3.

Siku hizi daftari langu lina safu tano, na ile ya mkojo ndiyo ninayoijaza kwanza.