"Redio" ya elfu tatu

Jamani leo sokoni Mwanjelwa nimeokota dhahabu.

Nilienda kutafuta sweta tu maana baridi ya Mbeya haina utani, nikawa napekua kwa mama mmoja wa mitumba, chini ya rundo la mikoba nikagusa kitu kigumu cha kijivu. Mama akasema "chukua hiyo redio mwanangu, nipe elfu tatu."

Redio! Ni Game Boy, kile kimashine cha gemu cha mkononi cha Nintendo, ile ya kwanza kabisa ya 1989, na kaseti ya Tetris, gemu la kupanga matofali, imo ndani. Nikalipa fasta, ndaga fijo mama, nikasepa kabla hajashtuka.

Nikanunua betri ndogo 4, nikaiwasha kwenye daladala ya Uyole. Ting! Skrini ya kijani kijani, taa haina, mpaka uielekeze dirishani ndo uone matofali yanavyodondoka.

Ila kilichonishika ni batani ya A. Imelika, ina kashimo kadogo katikati, wakati B bado iko vilevile. Kuna mtoto huko alibonyeza hapo miaka na miaka, sasa kidole changu kinakaa humohumo, sijui hata niwaelezeje.

Sweta sijanunua 😂

Nyie mmewahi kuokota nini kwenye mitumba? Tupieni picha.