Siku Moja Maishani Mwangu: Kutengeneza Mfupa wa Muda

Saa moja asubuhi, kabla hata sijavaa koti la maabara, huenda moja kwa moja kwenye tanuri, kwa sababu kilichochomwa usiku ndicho kinachoamua siku yangu itakwendaje. Leo mna vipande 20 vya trikalsiamu fosfeti ya aina ya beta, madini ya kalsiamu tunayotumia kuziba mashimo ya mfupa kwa muda, vyeupe, vyepesi, vilivyojaa vitundu kama mkate. Vilianza kama sifongo iliyochovywa katika uji mzito wa unga wa madini. Sifongo ikaungua polepole mno ili kuta zisipasuke, na vitundu vyake vikabaki kuwa njia ambazo seli na mishipa midogo ya damu itapita. Kitundu kisichoungana na kingine hakina faida, hata kiwe kikubwa namna gani, kwa kuwa damu haikifikii.

Kumbukumbu ya joto ilinitia wasiwasi. Nilipanga nyuzi 1,100 za Selsiasi, lakini mstari wa grafu ulipanda hadi 1,160 na kukaa huko zaidi ya saa moja. Kuanzia karibu nyuzi 1,125, beta huanza kugeuka kuwa alfa, ambayo ina kalsiamu na fosfeti kwa uwiano uleule, ila atomi zake zimejipanga vingine na huyeyuka upesi zaidi. Kwa macho huwezi kuzitofautisha.

Saa tatu nilisaga kipande kimoja na kukipima kwa mashine ya eksirei inayosoma mpangilio wa fuwele. Alfa ilikuwamo, tena si kidogo. Msaidizi wangu, kijana makini, aliuliza kwa upole kama tungeweza kuvitumia hata hivyo, maana vilikuwa imara na vitundu vyake vilikuwa vizuri. Nilimweleza kwamba imara si sifa tunayoitafuta kwanza. Kipandikizi hiki ni kiunzi: seli zinazojenga mfupa hupanda juu yake, huku seli nyingine na majimaji ya mwili vikikimeng'enya, na kazi hizo mbili sharti ziende kwa mwendo unaokaribiana. Kikiondoka mapema, hubaki shimo. Kikichelewa mno, mfupa mpya hukosa nafasi. Tuliviandika vyote kuwa vimekataliwa. Saa mbili zilizofuata zilikwisha kwenye kifaa cha kupimia joto la tanuri, ambacho ncha yake ilikuwa imechakaa.

Saa saba mchana, daktari wa upasuaji wa mifupa tunayeshirikiana naye alipiga simu kuhusu mtoto wa miaka 9 aliyetolewa uvimbe wa maji ndani ya mfupa wa paja, akabakiwa na tundu.

“Mhandisi, nikimwekea haidroksiapatiti tupu, si itakuwa salama zaidi?” aliuliza, akimaanisha madini mengine ya kalsiamu na fosfeti, yasiyoyeyuka kwa urahisi.

“Daktari, itashika vizuri na mfupa, lakini inaweza kubaki humo miaka mingi, na huyu bado anakua,” nilimjibu.

Tulizungumza kwa muda mrefu kuliko kawaida. Plasta ya jasi, ambayo daktari wa upasuaji Dreesmann alijazia matundu ya mifupa huko Ujerumani mwaka 1892, huisha ndani ya wiki chache, mara nyingi kabla mfupa haujaziba nafasi. Trikalsiamu fosfeti ya beta huchukua miezi kadhaa au zaidi, na ndiyo niliyoipendekeza, ingawa uamuzi ni wa daktari. Mfupa wa mgonjwa mwenyewe, unaochukuliwa kwenye ukingo wa nyonga, bado una kitu ambacho madini yetu hayana, yaani seli hai na protini zinazoziita seli nyingine zije kujenga. Lakini huo huhitaji jeraha la pili, na nyonga ya mtoto haina mfupa mwingi wa kutoa. Nilimkumbusha pia kwamba seramiki yenye vitundu huvunjika kwa urahisi, kwa hiyo uzito wa mwili ubebwe na chuma au plasta ya nje hadi mfupa ukomae.

Saa tisa nilipima vipande vya kundi la awali, vilivyolowekwa katika majimaji yenye chumvi zinazofanana na za damu, kwa nyuzi 37 na pH (kipimo cha uasidi) ya 7.4. Vilikuwa vimepungua uzito kidogo tu, na hilo lilinifurahisha. Chombo cha maji hakina seli, kwa hiyo matokeo haya hayawezi kusema yote yatakayotokea mwilini. Lakini kundi linaloyeyuka ovyo hapa sitalipeleka hatua inayofuata.

Saa kumi na moja jioni msaidizi wangu alichovya sifongo mpya, akakamua uji uliozidi ili vitundu visizibe, kisha akazikausha. Tulipoweka vipande tanurini, nilipunguza joto la juu hadi nyuzi 1,080, nikafunga kifaa kipya cha kupimia, na cha pili kando yake ili kimoja kikikosea kingine kitoe ishara. Saa mbili usiku grafu ilikuwa imefika nyuzi 180, na vifaa vyote viwili vilikuwa vikisoma sawa.