Upepo wa Kusi kwenye Barabara ya Muheza

Leo nimeshiriki kwa mara ya kwanza mashindano ya baiskeli ya ridhaa, kutoka Kange, jijini Tanga, hadi Muheza na kurudi, na ingawa miguu imekaza kiasi kwamba kuinama tu ni kazi, ninaandika kabla sijalala ili nisisahau jinsi nilivyoachwa.

Kwenda hakukuwa na jambo kubwa. Barabara hupanda polepole kuelekea Muheza, kundi lilikuwa moja, nami kwa kuziamini nguvu zangu nilikaa mbele karibu nusu ya njia. Gharama yake niliilipa baadaye, kwani mwendo ukiongezeka mara mbili ukinzani wa hewa huongezeka mara nne, na anayeubeba mzigo huo ni yule wa mbele.

Tulipogeuka, kusi ikawa inatupiga kutoka kulia. Penye miembe na nyumba haikutusumbua sana, lakini tulipoingia kwenye mashamba ya mkonge, ambako hakuna kitu kirefu cha kuikinga, kila mmoja akaanza kutafuta mgongo wa mwenzake. Upepo wa ubavuni haukingiki kwa kukaa nyuma moja kwa moja. Lazima ukae nyuma upande wa demani, yaani ule upepo unakoelekea, kwetu kushoto. Vijana wanne waliokuwa kimya tangu asubuhi wakapita, wakajipanga mshazari kutoka katikati ya barabara hadi yule wa mwisho akawa anagusa ukingo wa lami. Mimi nilikuwa wa tano, na lami ilikuwa imekwisha. Nilizitazama njiti za gurudumu la yule wa nne zikizunguka umbali wa shibiri moja, kisha mkono mmoja, kisha nikaona kokoto kati yetu, na mapaja yangu hayakuwa tena na la kunijibu.

Kinachoniuma ni kwamba babu yangu alikuwa mvuvi, na maneno goshi, upande upepo unakotoka, na demani nimeyasikia nyumbani tangu utotoni, lakini sikuwahi kufikiri kwamba yana kazi barabarani.

Kabla ya Pongwe mzee mmoja mwenye mvi alinifikia kutoka nyuma. Nilimwamkia kwa pumzi iliyobaki. "Marahaba, mwanangu," akasema, "kaa kushoto kwangu, gurudumu lako lilingane na pedeli yangu." Nilipotii, kelele za upepo masikioni zikapungua ghafla, na ndipo nikasikia kwa mara ya kwanza cheni yangu mwenyewe. Tukapokezana hivyo, yeye mbele kidogo, mimi mbele kidogo, hadi Kange, nami nikampisha amalize kwanza, kwa kuwa nafasi ile ilikuwa yake.

Baada ya kunywa maji aliniambia kwamba kila Jumamosi alfajiri hutoka na wenzake watatu hadi Pongwe na kurudi. Nimeomba nami niende, na tairi la nyuma, ambalo limechanika kidogo ubavuni, nitalibadilisha kesho.