Jinsi nilivyolituliza gari linalojiendesha lililokuwa likiyumba

Katika utafiti wangu wa nadharia ya udhibiti, kazi iliyonichukua muda mrefu kuliko zote ilikuwa kulifanya gari la majaribio linalojiendesha lifuate katikati ya njia yake bila kuyumba. Kwa mwendo wa mita 10 kwa sekunde lilitulia vizuri, lakini lilipofika mita 20 kwa sekunde lilianza kwenda kushoto na kulia, kila safari likipita mstari zaidi ya ilivyokuwa awali, hadi dereva wa usalama akalazimika kushika usukani.

Kidhibiti chetu, yaani programu inayoamua usukani ugeuzwe kiasi gani, kilikuwa cha aina ya PID: husahihisha kwa kuangalia kosa la sasa, jumla ya makosa yaliyopita na kasi ya kosa kubadilika. Aina hiyo Nicolas Minorsky aliichambua kihisabati mwaka 1922 akishughulikia usukani wa meli. Wenzangu walipendekeza tupunguze tu nguvu ya masahihisho yake. Sikuridhika, kwani gari lililolegezwa hivyo huchelewa kupinda kwenye kona, na kwenye kona ndiko tunakohitaji usahihi zaidi.

Nilirudi kwenye modeli rahisi inayoitwa ya baiskeli, ambamo magurudumu mawili ya mbele huhesabiwa kuwa moja, na ya nyuma vilevile. Humo mchapuko wa gari kwenda upande hulingana na mraba wa mwendo. Kwa gari lenye mita 2.7 kati ya ekseli, kugeuza tairi kwa digrii 1 huleta mchapuko wa takriban mita 0.65 kwa sekunde mraba katika mwendo wa mita 10 kwa sekunde; mwendo ukiongezeka maradufu, mchapuko hufika takriban 2.6. Kwa hiyo kidhibiti kilekile kilikuwa kikilisukuma gari kwa nguvu mara nne.

Hilo lilieleza nusu ya tatizo. Nusu ya pili ilikuwa ucheleweshaji, na naamini hapa ndipo watafiti wengi hupita haraka mno. Niliwasha taa kwa amri ya kompyuta mbele ya kamera, nikapima muda uliopita hadi mwanga wake ulipokifikia kidhibiti. Kisha, gari likitembea polepole katika uwanja mtupu (likisimama, msuguano wa tairi hupotosha vipimo), niliutumia usukani amri za kupanda na kushuka kwa ulaini, nikachora amri na pembe halisi ya tairi kwenye grafu moja. Mstari wa pili ulifuata wa kwanza kwa nyuma, tena kwa pengo lisilobadilika. Jumla ya ucheleweshaji ilikaribia sekunde 0.2, yaani mita 4 za barabara katika mwendo ule wa juu: kila sahihisho lilikuwa likijibu mahali ambapo gari lilikwisha kupaacha.

Otto Smith alikwisha kuonyesha mwaka 1957 kwamba mfumo wenye ucheleweshaji unaojulikana unaweza kudhibitiwa kwa kutumia modeli inayotabiri mbele. Kwa kufuata wazo hilo, nilihifadhi amri zote za usukani ambazo matokeo yake yalikuwa bado hayajaonekana, nikaiendesha modeli kuanzia kipimo cha mwisho cha kamera hadi wakati ambao amri mpya ingeanza kufanya kazi, na kidhibiti kikawa kinasahihisha kosa la wakati huo. Vizidishi vyake, yaani namba zinazoamua ukubwa wa kila sahihisho, nikavifanya vipungue kadiri mwendo unavyoongezeka. Gari liliposhika tena mita 20 kwa sekunde, lilikaa katika njia yake, na kwenye kona halikulegea. Furaha ya dakika ile bado ninayo.

Jambo lililobaki ni tairi. Barabara ikilowa, pembe ileile huzaa nguvu ndogo zaidi ya kugeuza, na utabiri huanza kupotoka. Kwa sababu hiyo nimeongeza kichujio cha Kalman, njia ya kihisabati ya kurekebisha makadirio kwa kutumia vipimo, kinacholinganisha kasi ya gari kugeuka inayosomwa na jiroskopu na ile iliyotabiriwa, kisha kinarekebisha makadirio ya ushikaji wa tairi gari likiwa mwendoni.