Pampu Ilisingiziwa

Gari langu kuukuu la dizeli lilikuwa na tabia moja iliyonikosesha raha: asubuhi halikubali kuwaka mpaka nipige starta kwa muda mrefu. Likikubali, linakohoa, linatetemeka, linataka kuzima, halafu linatulia na kunguruma vizuri. Likishapata moto, mchana kutwa linawaka kwa kuguswa ufunguo tu. Kila niliyemweleza alinipa jibu lilelile: pampu ya dizeli, ile inayosukuma mafuta kwenye injini, imekwisha. Fundi mmoja alitoa hukumu hiyo bila hata kufungua boneti.

Nimelitafakari jibu hilo na halijaniingia akilini, na leo nataka kuandika kwa nini, maana nadhani pampu nyingi nzima zimeng'olewa kwa kusingiziwa.

Ninazungumzia pampu zile za zamani, za chuma kitupu, zisizojua kompyuta. Bosch walianza kuzitengeneza kwa wingi mwaka 1927, na mwaka 1936 Mercedes-Benz wakatoa 260 D, mojawapo ya magari ya abiria ya kwanza ya dizeli kuuzwa kwa watu wa kawaida. Ndani ya pampu ya namna hii vyuma hupishana kwa nafasi ya elfu chache za milimita, na kinachovilainisha ni dizeli yenyewe. Vikilika, dizeli hupenya pembeni badala ya kusukumwa kwenda kwenye nozeli, vile vimdomo vinavyonyunyiza mafuta ndani ya injini. Dizeli ya moto ni nyepesi kuliko ya baridi, kwa hiyo hupenya zaidi. Ndiyo sababu pampu iliyochoka kwa kawaida huonyesha uchovu wake injini ikiwa ya moto: unazima kidogo, unarudi, haliwaki tena mpaka lipoe. Langu lilikuwa kinyume kabisa.

Nikamwomba mdogo wangu apige starta, nami nikasimama nyuma nikitazama bomba la moshi. Hakukutoka chochote. Hapo nilipata zaidi ya nilichopata kwa wataalamu wote wa barazani. Kama tatizo lingekuwa plagi za joto, zile zinazopasha silinda moto kabla ya injini kuwaka, dizeli ingefika kwenye silinda ikakosa kuungua, na moshi mweupe ungejaa. Bomba likiwa halitoi hata ukungu, mafuta hayajafika. Nikapima swichi ya umeme inayofungua mafuta kwenye pampu: ufunguo ukigeuzwa inalia tik, na mita inasoma volti 12. Hiyo ikaondoka kwenye orodha.

Ikabaki njia ya kutoka tangini hadi kwenye pampu, na hapa ndipo watu wengi hupotea. Tumezoea kwamba kitu kinachovuja hudondosha. Lakini katika magari mengi ya namna hii dizeli haisukumwi kutoka tangini. Huvutwa na pampu iliyo mbele. Mrija mzima uko kwenye mvuto. Ukinywa soda kwa mrija wenye tundu dogo, soda haimwagiki kupitia tundu. Unavuta hewa tu. Basi unaweza kulala chini ya gari na tochi, ukapangusa kila kiungo kwa kitambaa, usikute hata tone, na bado hewa inaingia. Usiku kucha hewa hiyo inaiachia dizeli irudi polepole tangini. Asubuhi starta inazungusha injini huku pampu ikivuta upepo. Mchana gari likizimwa kwa muda mfupi, dizeli haijapata wasaa wa kurudi, kwa hiyo linawaka mara moja. Tabia yote ya gari langu ilikuwa imeelezeka, na sijashika spana bado.

Kisha nikanunua mpira unaopitisha mwanga, ule mgumu usioogopa mafuta, nikauunga kati ya chujio na pampu. Nakushauri usiruke hatua hii hata kama fundi wako anakucheka. Injini ilipowaka, viputo vilipita mfululizo, vidogo, visivyokoma. Vichache mwanzoni baada ya kufungua viungo si ajabu. Vikiendelea injini ikiwa imeshatulia, kuna mlango wa hewa mahali fulani.

Kutafuta mlango huo kuna njia ya haraka ambayo siioni ikitumika vya kutosha. Nilichukua dumu safi la dizeli, nikaliweka juu zaidi ya pampu, nikatumbukiza humo mpira wa kuvuta na ule wa kurudisha, nikaliacha tangi la gari nje ya habari kabisa. Gari likawaka mara moja, na kesho yake asubuhi likawaka tena bila kukohoa. Pampu ikawa imejitetea yenyewe. Kutoka hapo ni kurudisha njia ya kawaida kipande kwa kipande: kwanza mrija wa tangini bila kupitia chujio, halafu chujio bila pampu ya mkono, kile kitufe cha kubonyeza juu ya chujio kinachotumika kutoa hewa. (Kwa muda mfupi tu, pampu isiachwe inywe dizeli isiyochujwa.) Viputo vilirudi pale tu pampu ya mkono iliporudishwa. Mpira wa ndani wa kuzuia hewa ulikuwa umekauka na kupasuka. Kifaa kilichowekwa ili kutoa hewa ndicho kilichokuwa kinaiingiza, na nakiri nilicheka peke yangu.

Nilipokuwa nimelegeza chujio nilitoa dizeli ya chini yake kwenye chupa ya kioo na kuiacha itulie. Maji ni mazito kuliko dizeli, hukaa chini na mpaka wake unaonekana wazi. Yangu yalikuwa kidogo, pamoja na utelezi mweusi kidogo. Utelezi huo ni vijidudu. Huishi pale maji yanapokutana na dizeli, hivyo ukiondoa maji umeondoa makazi yao. Na maji ndiyo adui wa kweli wa pampu, kwa sababu hayalainishi na yanaleta kutu.

Jambo moja kuhusu kutoa hewa kwenye nozeli. Ukilegeza nati za mirija huku mwenzako akipiga starta, usiweke mkono karibu. Nozeli za injini hizi hufunguka kwa shinikizo linalozidi bar 100, na dizeli ya shinikizo hilo hupenya ngozi na kuingia mwilini. Ni jeraha la kukimbiziwa hospitali hata kama linaonekana tundu la sindano. Starta nayo ipumzishwe kila baada ya sekunde kumi hivi, vinginevyo utamaliza tatizo moja na kuanzisha lingine.

Asubuhi sasa hakuna shida. Ila gari halijapona lote. Kwenye mlima mrefu, gia ya tatu, bado linapoteza nguvu, na moshi wake hauwi mweusi. Moshi mweusi ungenipeleka kwenye chujio la hewa au nozeli. Nguvu kupungua bila moshi maana yake injini ina njaa ya mafuta. Mpira wa mwanga hauna kiputo hata kimoja, kwa hiyo safari hii hewa haihusiki, kuna kizuizi. Nilijaribu kupanda nikiwa nimelegeza kifuniko cha tangi, kwa sababu tundu lake la kupumulia likiziba tangi hukosa hewa ya kujaza nafasi ya mafuta yaliyovutwa. Hakuna kilichobadilika. Nikafungua mrija upande wa mbele, nikapuliza kurudi nyuma mpaka nikasikia mafuta yakibwabwaja tangini. Nguvu zikarudi, zikakaa kwa muda, zikaanza kupungua tena.

Kwa hiyo uchafu umo tangini, unainuliwa na kujibandika upya kwenye kichujio cha mdomo wa mrija. Kuendelea kupuliza ni kuuhamisha tu. Tangi lazima lishuke, lioshwe, na kichujio kile kitolewe. Sitalishusha wiki hii, lina mafuta mengi na sina mtu wa kulishika upande wa pili. Naacha mafuta yapungue hadi karibu na mstari mwekundu wa geji, na chujio jipya liko kwenye buti, pamoja na spana, endapo la sasa litaziba njiani.