Yai Viza na Ukimya wa Kidato cha Kwanza B

Leo nimefunga daftari la mahudhurio la Kidato cha Kwanza B. Januari niliandika majina 52 kwa mkono wangu. Waliofanya mtihani wa mwisho wa mwaka ni 47. Wawili wamehama na wazazi wao, na mbele ya majina matatu nimelazimika kuandika "utoro". Neno hilo nimeliandika shingo upande, na nitasema kwa nini.

Shule yetu ni ya kata, ya kutwa, huku milimani Lushoto. Mimi mtoto wa Tabora, nafundisha Fizikia, na huu ni mwaka wangu wa sita hapa. Nimezoea ukungu, nimezoea baridi ya Juni inayofanya chaki iteleze vidoleni. Kitu ambacho sijakizoea, na naomba nisikizoee, ni ukimya wa Kidato cha Kwanza.

Januari hawakuwa kimya. Walikuja na sare za kukulia, mikono ya sweta imefika kwenye ncha za vidole, na madaftari yamefungwa kwa karatasi za magazeti ili yasichakae. Tangu ada ifutwe mwaka 2016, ile shilingi 20,000 ya shule ya kutwa haipo tena, na wapo watoto darasani kwangu ambao zamani wangeishia darasa la saba. Sweta, viatu na debe la mahindi ya makande ya mchana bado ni juu ya mzazi. Kwa hiyo mtoto akifika na vyote hivyo, najua kuna mtu nyumbani ameuza kabichi au njegere na kujinyima kitu. Siku ya kwanza waliniamkia kwa sauti moja, "Shikamoo Mwalimu!", hadi madirisha yakaitikia.

Wiki ya tatu darasa lilikuwa limekufa. Kozi ya Kiingereza ya wiki za mwanzo ilikuwa inaendelea, kwa kuwa sekondari tunafundisha kwa Kiingereza, lakini huwezi kumpa mtoto lugha kwa wiki chache kisha ukamtaka afikirie kwayo. Hawa wamesoma miaka saba kwa Kiswahili, na kabla ya hapo nyumbani walikuwa na Kisambaa chao. Mwaka jana walijua usanisinuru, wakaueleza, wakafaulu. Mwaka huu wanaulizwa jambo lile lile kwa jina jingine, na wanaonekana hawajui kitu. Nilipita katikati ya madawati nikitazama mikono yao. Walikuwa wananakili ubao herufi moja moja, kama mtu anayehamisha maua ya khanga kwenye kitambaa. Binti mmoja alinakili hadi mshale nilioukosea na kuufuta nusu. Nilipouliza kama wameelewa, wakajibu wote kwa pamoja, "Yes sir!"

Naujua ukimya huo kwa ndani. Mwaka 2004, kwenye shule niliyoanzia kidato cha kwanza, kulikuwa na kibao cha mbao chenye kamba. Aliyekamatwa anaongea Kiswahili alikivaa shingoni mpaka amkamate mwenzake. Mimi nilikivaa siku mbili za kwanza, kisha nikagundua njia ya kutokivaa tena: nikaacha kuongea. Nilikuwa mtoto wa maswali nyumbani, baba alikuwa akiniambia nitamchosha, na nilikaa karibu mwaka mzima sijauliza swali hata moja darasani. Hakuna mwalimu aliyegundua. Mtoto aliyenyamaza huandikwa kuwa ana nidhamu nzuri.

Mwezi Mei tulifika kwenye densiti, yaani wingi wa kilichomo ndani ya ukubwa fulani, na kuelea. Maabara hatuna, kwa hiyo nilikuja na mayai mawili, chumvi ya jikoni na jagi la plastiki. Nikatia yai kwenye maji, likazama. Nikakoroga chumvi, kijiko baada ya kijiko, yai likaanza kusogea, likasimama, likapanda. Walisimama kuangalia. Nikauliza kwa Kiingereza kwa nini. Kimya. Nikauliza tena polepole. Macho yote yakashuka kwenye madawati.

Nikaweka kijiko chini. "Haya, semeni Kiswahili."

Yupo kijana anayekaa karibu na dirisha lisilo na kioo. Tangu Januari nilikuwa sijamsikia sauti isipokuwa kuitikia jina. Akanyoosha mkono, lakini ule wa kutofika juu, ulioishia usawa wa sikio.

"Mwalimu, bibi yangu akitaka kupeleka mayai gulioni huyatia kwanza kwenye beseni la maji. Linalozama ni zima. Linaloelea ni viza."

Nikamuuliza, viza linaelea kwa nini?

Akafikiria. Akakusanya viganja vyake viwili kama ameshika yai. "Ganda ni lile lile, Mwalimu. Halijakua, halijapungua. Lakini ndani limepungua."

Nimefundisha densiti miaka sita. Nimeieleza kwa fomula, kwa michoro, kwa mawe na vizibo. Sijawahi kusikia maelezo safi kuliko hayo: ukubwa ule ule, ndani kumepungua. Na darasa lilifunguka. Mmoja akasema juu ya gogo bichi na gogo kavu mtoni, mwingine akauliza kama mtu akinywa maji ya chumvi ataelea, wakabishana, wakacheka. Kengele ilipolia hawakutoka.

Juni wakafanya mtihani wa muhula. Swali la saba lilitaka waeleze kwa nini kitu kinaelea. Kijana wa dirishani aliandika neno "egg", akaweka nukta, akaacha mistari mitano mitupu. Nikaweka sifuri. Kanuni ya kusahihisha ilinitaka niweke sifuri, na niliiweka kwa kalamu nyekundu, nikigeuza karatasi haraka ili nisiitazame. Usiku ule sikulala vizuri. Nilikuwa nimempa sifuri mtoto aliyenifundisha mimi.

Shule ilipofunguliwa Julai, binti mmoja, namba 31 kwenye daftari la mahudhurio, hakurudi. Wiki ya pili nikashuka bondeni kumtafuta, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu, njia ile ile anayopanda yeye kila asubuhi. Nilimkuta mama yake anachambua maharage. Akanikaribisha kigoda, akaniletea chai ya tangawizi kabla sijasema lililonileta. Binti alikuwa Dar es Salaam, kazi za ndani. Nikaanza maneno yangu ya sheria, ya mtendaji wa kijiji, ya haki ya mtoto. Mama akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema taratibu: "Mwalimu wangu, mimi nilitaka asome. Yeye ndiye aliyeniambia, mama, kule nakaa tu. Sielewi wanachosema. Bora nikafanye kazi nikusaidie."

Tulimpigia simu pale pale. Alinisalimia kwa adabu, "Shikamoo Mwalimu," nikasikia mtoto mchanga analia nyuma yake. Aliahidi atarudi. Hakurudi. Ndiyo maana neno "utoro" limenikaa vibaya. Mtoro ni anayekimbia masomo. Huyu masomo ndiyo yaliyomfungia mlango, akakaa nje yake miezi sita huku amevaa sare.

Tangu siku hiyo nilibadilisha darasa langu. Kwanza tunazungumza Kiswahili, kila mtu, mpaka jambo lieleweke. Kisha tunatafuta Kiingereza chake pamoja, sentensi fupi fupi, na ukuta wa nyuma tumebandika karatasi za maboksi: neno la Kiingereza, maana yake kwa Kiswahili, na mfano wa nyumbani. Mkuu wa shule aliniita. Ni mtu mwema na ninamheshimu, na hakunigombeza. Alinikumbusha tu kwamba Novemba ya mwakani hawa watakaa upimaji wa taifa wa kidato cha pili, kwa Kiingereza, na msahihishaji hatajua habari za beseni la bibi. "Ukiwazoesha hivi, unawaonea huruma leo ili waumie kesho." Sikuwa na jibu la kumtosha. Nilimwambia tu kwamba asiyeelewa kwa lugha yoyote ataumia leo na kesho. Tume ya Makweta, ile tume ya rais ya elimu, ilipendekeza Kiswahili kifundishie sekondari tangu 1982, mimi sijazaliwa, na bado tunajadiliana jambo lile lile ofisini juu ya vikombe vya chai.

Maneno yake yalinirudia Novemba nilipokuwa nawatazama Kidato cha Pili wakijipanga kuingia kwenye chumba cha mtihani. Nao walikuwa Kidato cha Kwanza juzi tu. Wamerefuka, sweta sasa zinawabana, wasichana wamejifunza kutembea wawili wawili, wavulana wanawaita wadogo zao njuka na kuwatuma maji. Lakini mlangoni nilimwona mmoja anasoma midomo ikichezacheza, macho yamefumbwa, na nilijua anachofanya. Anakariri sentensi nzima nzima za Kiingereza, bila kuzielewa, kama tulivyokariri sisi. Hao nao niliwafundisha mimi. Mwaka ule sikuwaambia waseme Kiswahili.

Wiki iliyopita nimesahihisha karatasi za Kidato cha Kwanza B. Swali la kuelea lilikuwemo tena, kwa maneno tofauti kidogo. Niliiacha karatasi ya kijana wa dirishani iwe ya mwisho. Mistari mitano yote ilikuwa imejaa. Aliandika, na ninainukuu kama ilivyo: "The egg viza it float because the size is same but inside is reduce." Kisha akaandika neno "density", akalipigia mstari mara mbili.

Sarufi haijakaa sawa, na viza si Kiingereza. Nilimpa alama nne kati ya tano. Jumla yake ni 38, alama ya D. Mwezi Juni alikuwa na 11.

Asubuhi kabla ya paredi ya kufunga shule nilimwomba mkuu aniruhusu nipande na darasa hili, niwe mwalimu wao wa darasa Kidato cha Pili. Kwa kawaida hatufanyi hivyo. Amesema atafikiria, na atanipa jibu Januari. Karatasi za maboksi sijazibandua ukutani. Nimebeba nyumbani zilizochanika tu, tisa, nizikate upya wakati wa likizo.